Aliyeosha Kahawa ya Ildefonce

Buti la mpira lilikuwa limechomoza juu ya maganda ya kahawa, soli ikitazama mbingu. Denis Mtui alilitazama kwa muda kabla hajatambua kwamba ndani ya buti mlikuwa na mguu.

Hiyo ilikuwa Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2002, saa mbili na nusu asubuhi, katika kihamba cha mzee Ildefonce Tesha, shamba la kahawa na migomba lizungukalo nyumba yake, huko Kirua Vunjo. Ilipofika saa nne Landrova ya polisi ilikuwa imekwisha kupanda kutoka Moshi, na Inspekta Shakiru Mbwana alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, leso puani.

Lilikuwa shimo la kutupia maganda, na kina chake kilimpita mtu mrefu. Ndani yake maganda mekundu na ute wa kahawa vilikuwa vikichacha na kutoa mapovu madogo madogo, kama uji unaotaka kuchemka; uchachu huo ndio uliokuwa umemgeuza aliyezama na kuinua mguu wake. Wanaume wanne walihangaika kwa kamba na ngazi karibu nusu saa. Waliyemtoa hakuonekana kuwa mtu mpaka walipommwagia ndoo tatu za maji.

"Kisogoni," alisema Koplo Priska Lyatuu, aliyekuwa amechutama.

Inspekta aliinama. Jeraha la urefu wa kidole. Ngozi imepasuka, mfupa umebonyea kidogo.

"Kitu kizito?"

"Kizito, lakini si chuma. Chuma kingekata. Huu ni mti, Afande."

Shakiru alikuwa mtu wa Njoro, mtoto wa fundi viatu, mwenye miaka ishirini na miwili katika upelelezi. Wezi wa mjini aliwajua mpaka majina ya mama zao. Kahawa aliijua ikiwa kikombeni tu. Ndiyo maana alipanda na Priska, binti wa mkulima wa Kilema, ambaye kabla ya kuvaa sare alikuwa amemenya kahawa siku nyingi kuliko alizokaa darasani.

Inspekta alimwita aliyeuona mwili.

"Jina?"

"Denis Mtui. Mwenyekiti wa Umoja wa Maji."

"Ulifuata nini hapa?"

"Meku, mzee wetu huyu, hakuja kwenye kikao jana, na kesho tuna wageni. Nikasema nije nimwone."

"Jana hukumtafuta?"

"Nilipita saa nane mchana, Afande. Nikakuta kahawa imeoshwa, imeanikwa, imefunikwa vizuri. Nikajua mzee yupo, amekwenda kunywa mbege mahali."

"Kwa hiyo jana asubuhi alikuwa hai."

"Kahawa haijioshi, Afande."

Inspekta akaandika. "Wageni gani hao wa kesho?"

Denis alijikuna shingo. Lilikuwa jambo alilozoea kuwaeleza watu kwa fahari, na sasa ilimbidi alieleze kando ya maiti.

"Kule chini, mto unapoingia mjini, kuna kiwanda cha ngozi. Kinamwaga maji yake machafu humu humu katika Mto Mrawi. Serikali ikakiambia kiyasafishe kwanza. Mtambo wa kusafisha ni ghali, kiwanda kikalia. Ndipo wataalamu wa ofisi ya bonde la mto wakaja na hesabu. Wakasema, na nyinyi wa juu mnauchafua mto, kwa maganda na maji ya kahawa. Mkichimba mashimo, mkazuia uchafu wenu usifike mtoni, ule mliouzuia tutauandikia hati. Kiwanda kitanunua hati zenu. Kwa kila kilo mbili mlizozuia, chenyewe kitaruhusiwa kumwaga moja."

"Yaani mto unapungukiwa na mbili, unaongezewa moja."

"Ndiyo hivyo. Mto haujali uchafu ni wa nani. Mradi jumla ipungue."

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Bomba," alisema Denis, na sauti yake ikapanda kidogo. "Hatupewi fedha mkononi. Tunaletewa maji ya kunywa mpaka mlangoni, kaya themanini na sita. Hukuyaona mabomba pale kigangoni? Mitaro tumekwisha kuichimba. Wageni wakiridhika kesho, Jumatatu tunaanza kufukia. Wasiporidhika, lori linakuja kuyachukua."

"Na wanaridhikaje? Nani anapima?"

Denis alitazama kitu kilicholala chini ya majani ya migomba.

"Huyo," alisema.

*

Nyumba ya marehemu ilikuwa na vyumba viwili na stoo yenye kufuli. Mkewe alifariki zamani. Binti yake, Martha, aliolewa huko tambarare, mto uendako. Juu ya rafu ya dirishani zilipangwa chupa za kioo kumi na mbili, kila moja na karatasi yenye tarehe. Kando yake rula ya shule.

Namna ya kupima ilikuwa nyepesi. Unachota maji ya mto, unayaacha yatulie siku nzima, kisha unapima kwa rula unene wa matope yaliyotuama chini. Chupa za dirishani zilikuwa safi. Matope yake hayakuzidi unene wa kucha.

Priska alipiga magoti akavuta kreti iliyokuwa chini ya kitanda. Chupa nyingine kumi na mbili. Tarehe zile zile, mwandiko ule ule. Katika hizi, matope yalikuwa ya vidole viwili, mengine vitatu.

Inspekta alichukua mbili za tarehe moja akazinyanyua mbele ya uso wa Denis.

"Siku moja, mto mmoja. Mbona maji mawili?"

"Sijui, Afande."

"Hujui, au hupendi kujua?"

"Sijui."

"Mwenyekiti, mimi naweza kukaa hapa mpaka wageni wako wafike, tuwaulize wote."

Denis aliketi juu ya kitanda cha marehemu bila kukaribishwa.

"Mashimo yalijaa," alisema polepole. "Mwezi wa nane wote yalikuwa yamejaa. Kuchimba mengine ni mwamba, na bei ya kahawa unaijua ilivyoanguka, nani ana nguvu? Watu wakaanza kufungulia maji kwenye mfongo, mfereji ule wa zamani, kama babu zetu. Mfongo unakwenda mtoni. Mzee akawa anachotea juu ya pale mfongo unapoingia. Hizo ndizo za dirishani."

"Na za chini ya kitanda?"

"Hizo alichotea chini yake. Kweli sikujua kama anaziweka."

"Na kiwanda kikaendelea kumwaga kwa hati zenu."

"Kikaendelea."

"Kwa hiyo mto umepata uchafu wenu na uchafu wao."

Inspekta alizifunga chupa zote kwenye kreti, akatia lakiri. Mwenye sababu ya kumnyamazisha Ildefonce alikuwa nani? Akahesabu kichwani. Kaya themanini na sita, na kiwanda kimoja.

Nje watu walikuwa wamejaa. Akina mama walikaa chini, kimya, khanga mabegani. Mawingu ya asubuhi yalikuwa yametawanyika, na saa sita jua likapiga uani. Mama mmoja mwembamba alisimama, akaenda hadi kwenye banda la mashine ya kumenyea kahawa, akapeleka mkono juu, chini ya bati, akachomoa turubai la magunia ya mbolea yaliyoshonwa pamoja. Akalitandaza juu ya kichanja cha kahawa, akalibana kwa mawe manne. Kisha akarudi kukaa.

"Anafanya nini yule?" Inspekta alinong'ona.

"Jua la saa sita linapasua ganda, Afande. Likipasuka, daraja linashuka."

"Na mwenyewe amelala hapa, amekufa!"

"Kahawa haijui hilo," alisema Priska.

Mama huyo aliitwa Zita Temba. Hakuna aliyemwita hivyo. Kwa watu wote alikuwa Mama Pamela.

"Wewe ni jirani?" Inspekta alimuuliza.

"Mpaka wetu ni ua ule wa masale."

"Ulimwona mzee lini mara ya mwisho?"

"Jumapili. Baada ya misa."

"Tangu siku hiyo hujafika hapa kwake?"

"Sijafika."

"Jumanne au jana, hukusikia ugomvi?"

"Jumanne alasiri nilisikia. Mtu wa kiwandani, mwenye pikapu nyeupe. Alipiga kelele mpaka kuku wakakimbia." Akajifunga khanga. "Baba, mnamchukua mzee leo? Tujue kama tuchimbe kaburi."

Wengine watatu waliitaja pikapu ile nyeupe. Ilimtosha Inspekta kwa siku hiyo.

*

Daktari aliwasubiri mlangoni mwa chumba cha maiti, akikausha mikono.

"Kisogo hakikumwua," alisema. "Kilimwangusha tu. Mapafu yamejaa ute wa kahawa. Aliingia shimoni akiwa hai na akavuta pumzi."

"Lini?"

"Jumanne. Magharibi, usiku wa mapema. Si zaidi ya hapo."

"Unakusudia Jumatano."

"Nakusudia nilichosema."

"Daktari, Jumatano asubuhi mtu huyu aliosha kahawa yake."

"Basi aliiosha akiwa maiti," alisema daktari. "Taarifa yangu nitaisaini Jumanne."

Bwana Rajabu Kimweri, ofisa wa mazingira wa kiwanda cha ngozi, aliletwa kituoni jioni hiyo. Alikuwa na shati la mikono mirefu na hasira fupi.

"Umenitoa ofisini kama mwizi wa kuku!"

"Mwizi wa kuku hutolewa jikoni," alisema Inspekta. "Kaa. Jumanne saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kwa mzee Ildefonce. Sifichi. Watu mia wameniona."

"Mligombea nini?"

"Aliniambia kwamba Ijumaa atawaonyesha wageni chupa zake za kweli. Msimu huu mzima kiwanda kimemwaga maji kwa kutegemea hati zile. Ikijulikana ni hewa, tunafungiwa. Watu mia mbili na kumi wanakwenda nyumbani. Wewe usingepiga kelele?"

"Alisema kwa nini ameamua hivyo?"

Rajabu alishusha macho. "Wajukuu zake. Binti yake anakaa huku chini, wanaoga maji ya mto. Alikwenda kuwaona, akakuta miili imewatoka vidonda. Mmoja alikuwa anaharisha wiki ya tatu."

"Kwa hiyo ukampiga."

"Ninaapa sikumgusa! Saa kumi na moja niliondoka. Saa kumi na mbili nilikuwa kwenye kikao cha harusi ya Maulida, mtoto wa dada yangu. Nimekaa mpaka saa nne usiku tukibishana kuhusu tarumbeta. Waulize. Tulikuwa watu thelathini na hakuna aliyeruhusiwa kutoka."

Wajumbe watano wa kikao waliulizwa, kila mmoja peke yake. Wote walimkumbuka. Wawili walimkumbuka kwa chuki, kwa sababu ya tarumbeta.

Inspekta alikuwa akijiandaa kumwachia Rajabu, ndipo huyo akasema jambo ambalo hakuulizwa.

"Na tena, kijiji kile kisijifanye kisafi. Jumatano saa mbili asubuhi nilipita darajani, chini kidogo ya kwa mzee, nikachota mwenyewe, maana sikumwamini mtu tena. Chupa iko ndani ya gari."

Ililetwa. Chini palikuwa na tope zito la vidole vinne. Priska aliifungua, akanusa, akachovya kidole na kusugua.

"Haya si maji ya kumenyea, Afande. Ya kumenyea ni mepesi, yananuka matunda. Hili ni tope la kuoshea. Ute wa kahawa iliyovundikwa siku mbili."

"Jumatano asubuhi."

"Asubuhi sana. Na limetoka karibu. Lingetoka mbali lingekuwa limekwisha kuchanganyika."

*

Ijumaa saa tatu walikuwa tena kihambani. Wageni wa bonde walitarajiwa saa nane.

Priska alikwenda kichanjani kwanza. Alichukua punje, akaing'ata.

"Ya siku mbili juani. Daktari yuko sawa, na Denis yuko sawa. Kahawa imeoshwa Jumatano. Na mzee amekufa Jumanne."

"Basi kuna mtu aliyemwoshea."

Walilifuata tangi la saruji ambamo kahawa huvundikwa. Reki ya mbao ya kukorogea ilikuwa imeegemezwa ukutani, safi, imesuguliwa. Inspekta alipima upana wa kichwa chake kwa vidole, akakumbuka jeraha. Aliifunga kwenye karatasi.

Kutoka tangini ulichimbwa mfereji mfupi uliokwenda moja kwa moja hadi shimoni. Katikati yake palikuwa na tundu la pembeni, lililotazama mfongo, la kuzibwa kwa ubao. Hapo Inspekta alisimama. Ubao ulikuwa umeng'olewa na kulazwa kando. Njia ya kwenda shimoni ndiyo iliyozibwa, kwa kipande cha mgomba na udongo uliokandikwa kwa mkono. Alama za vidole vinne zilikuwa zimekaukia juu yake, vidole vyembamba.

"Mzee alikuwa anafungulia mfongo?"

"Denis anasema aliacha wiki mbili zilizopita. Alikuwa wa kwanza kuacha."

"Basi aliyeosha hakutaka maji yaende shimoni." Inspekta alikaa juu ya ukuta wa tangi. "Jirani mwema, asiyejua kitu, anamwoshea mzee kahawa yake. Kwa nini asimwage pale panapomwagwa siku zote?"

Priska alilitazama shimo, kisha mfereji. Akashika kidevu.

"Angekuwa anammwagia kichwani," alisema.

"Alijua nani yumo."

Kutoka barabarani ilisikika sauti ya mtu akifagia kigango.

"Kitu kimoja kinanishinda, Priska. Umeua mtu. Umekimbia. Nani anarudi alfajiri kuosha kahawa ya aliyemuua? Inauzwa shilingi ngapi?"

"Mwaka huu? Si kitu. Watu wanang'oa mibuni, wanapanda nyanya."

"Sasa?"

"Afande, kahawa ikilala tangini siku ya tatu inaoza. Harufu yake hutaisahau. Mimi nimefundishwa kuosha kahawa kabla ya kufundishwa kuoga. Mama yangu alifiwa na baba saa tisa usiku. Saa kumi na mbili tulikuwa tangini, tunalia na tunaosha. Mtu wa mjini angeiacha. Mtu wa huku hawezi kuipita. Mikono inakwenda yenyewe."

Mikono inakwenda yenyewe. Inspekta aliinua macho kwenye bati la banda. Alimwona tena yule mama wa jana, akipeleka mkono juu bila kutazama.

Alilichukua lile turubai la magunia. Lilishonwa kwa uzi wa buluu. Wakafungua stoo kwa funguo za marehemu. Humo mlikuwa na nailoni mbili mpya za kufunikia kahawa, zimekunjwa. Mzee hakuhitaji magunia ya mtu. Lakini aliyekuja alfajiri hakuwa na funguo za stoo.

Ng'ambo ya masale, juu ya kichanja cha Zita Temba, kahawa ilikuwa imefunikwa kwa magunia ya mbolea. Uzi ulikuwa wa buluu.

"Mama huyu ana nani?" Inspekta aliuliza.

"Hana mtu. Nimeulizia. Alikuwa na binti mmoja, Pamela. Masika ya mwaka jana alishuka korongoni kuchota maji, akateleza na ndoo. Walimkuta chini, baada ya kupita saa tisa."

*

Mtaro wa bomba ulikuwa umefika hadi hatua mbili kutoka mlangoni pa Zita. Ulichimbwa vizuri, kingo zimenyooka. Zita alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alifuta mikono, akawatolea viti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni."

"Mtaro huu nani amekuchimbia?"

"Mimi mwenyewe. Kila kaya imechimba wake."

Inspekta aliliweka turubai magotini pa Zita.

"Hili ni la nani?"

Alilitazama kwa muda. "Langu."

"Lilifikaje kwa mzee?"

"Aliazima."

"Lini?"

"Siku nyingi."

"Ana nailoni mbili mpya."

"Labda hakutaka kuzichafua."

"Jana ulilichomoa chini ya bati bila hata kutazama. Ulilichomeka mwenyewe, Jumatano, ulipokuja kuifunua kahawa. Uliniambia hujafika kwake tangu Jumapili."

Zita alianza kuokota maganda ya ndizi, moja moja, akiyaweka siniani.

"Nilikwenda Jumatano," alisema. "Nilimkuta hayupo. Nikaona kahawa imefika wakati wake wa kuoshwa. Nikamwoshea. Hilo nalo ni kosa?"

"Si kosa. Niambie jambo moja tu. Mfereji unakwenda shimoni. Kwa nini uliuziba?"

Mkono ulisimama juu ya sinia.

"Mama Pamela," alisema Priska kwa sauti ya chini. "Ungeyaacha yaende shimoni tungeamini."

Zita alimtazama msichana huyo wa sare, akaiona ile asili ya kihambani iliyokuwa usoni mwake.

"Ungeweza wewe?" alimuuliza. "Kummwagia mtu uchafu ule?"

Inspekta akamkatiza. Alimwonya kwa mujibu wa sheria kwamba halazimiki kusema lolote, na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutolewa mahakamani. Zita alitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza bei sokoni, kisha akasema.

"Andika. Nilikwenda Jumanne, jua likizama. Nilikuwa nimewasikia wakigombana. Nikamuuliza, meku, ni kweli unataka kuonyesha chupa? Akasema kweli. Nikamwambia ngoja wafukie bomba kwanza, mwezi mmoja, kisha sema utakalo. Akasema mwezi mmoja ni mwingi kwa mtoto anayeharisha. Nilipiga magoti, baba. Mimi, na umri huu. Nikamwambia, kila siku nashuka korongoni, na kila siku napita juu ya jiwe lile. Jiwe ambalo Pamela... Hakuna njia nyingine ya majini. Nalikanyaga nikishuka na nalikanyaga nikipanda, na ndoo kichwani."

"Akasema nini?"

"Akasema, Mama Pamela, wajukuu zangu wanaoga maji tunayoyachafua. Nikamwambia, na mimi wajukuu wangu wako wapi?" Alivuta pumzi. "Pamela alikuwa na mimba ya miezi sita. Watu hawakujua. Alikuwa akiniambia, mama wewe usishuke, magoti yako mabaya, mimi ninaweza."

Priska aliacha kuandika. Inspekta akamgusa kiwiko, akaendelea.

"Akageuka kuchungulia kahawa yake," alisema Zita. "Akanipa mgongo, kama mazungumzo yamekwisha. Reki ilikuwa hapo. Nilimpiga mara moja. Akayumba, akarudi nyuma, akaingia shimoni."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Ungeweza kumtoa?"

"Ngazi ilikuwa pale pale. Alinyoosha mkono. Aliniita jina langu, si Mama Pamela, aliniita Zita, kama tulivyoitana tukiwa wadogo. Nikawa nasema moyoni, nitamtoa, nitamtoa. Na nikawa nahesabu. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa wageni, Jumatatu bomba." Alikunja turubai mara mbili, akalisawazisha. "Nilipomaliza kuhesabu alikuwa kimya."

"Na kahawa?"

"Sikulala. Alfajiri nikaisikia harufu kutoka ng'ambo. Ilikuwa siku yake ya kuoshwa. Nikasema, huyu mtu alipalilia mwaka mzima." Alitazama mikono yake. "Ingeoza."

*

Gari la wageni lilifika saa nane kasoro robo. Denis alikimbia kutoka kigangoni, akamkuta Inspekta akiingiza kreti ndani ya Landrova.

"Afande, neno moja. Mwuaji umempata. Chupa hizo lazima zionekane?"

"Ni kielelezo."

"Kesi si imekwisha? Amekiri! Zikae tu huko kituoni, mwezi mmoja. Kaya themanini na sita, Afande."

"Themanini na tano, ukimtoa mzee," alisema Inspekta. "Mzee aliniachia mimi kazi yake, mwenyekiti. Sikuiomba."

Aliwaita wale wageni wawili, mwanamume na mwanamke wenye mikoba ya ngozi, akazipanga chupa juu ya boneti, za dirishani upande huu na za chini ya kitanda upande ule. Hawakuuliza mengi. Yule mwanamke alichukua rula yake, akapima moja, akapima ya pili, akaiweka rula chini. Akafungua faili, akapiga mstari juu ya karatasi nzima.

Kiwanda kingepewa barua ya kufutiwa hati Jumatatu. Lori la mabomba lingekuja siku hiyo hiyo.

Zita aliyaona yote kupitia kioo cha Landrova, pingu mkononi, Priska kando yake. Hakulia. Wanawake wenziwe walisimama kando ya mtaro, na hakuna aliyemtukana wala aliyempungia mkono.

Inspekta alipanda mbele, akamwambia dereva awashe gari.

"Baba," Zita aliita kutoka nyuma.

"Naam, mama."

"Huko mahabusu, maji tunachota wapi?"

"Kuna bomba."

"Ndani?"

"Uani. Hatua kumi."

Alifikiri. "Linatoka kila siku?"

"Kila siku."

Zita aliweka mikono yake magotini, mmoja juu ya mwingine, akatazama mbele.

"Twende basi," alisema.